Kwa Nini "Xaxa" Wakati "Sasa" Ipo? Mazungumzo na Wazee Kuhusu Lugha ya Mtandaoni

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wazee. Waliokosa kufika wameomba yaandikwe yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha. Hazina maana bila mtu wa kuzielekezea kidole.

Shikamooni, wazee wangu. Shikamooni, mama zangu. Vijana mliokaa mstari wa nyuma, nimewaona, na simu zenu nimeziona. Karibuni, ila leo nazungumza na wa mbele.

Ratiba inasema nitawafundisha maneno ya vijana wa mtandaoni. Nimeletewa hata orodha, ukurasa na nusu, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mstaafu: rizz, no cap, LOL, fuvu la kichwa, six-seven, na pale chini kabisa, "kwa nini mjukuu wangu kila siku anasema amekufa?" Mlitaka nisome neno, nitoe maana, mwandike daftarini. Mtanisamehe. Orodha hiyo sitaifuata.

Kwa nini? Kwanza, daftari hilo litapitwa na wakati kabla hamjalifikisha nyumbani. Si bure walimu wetu wa Kiswahili waliyaita maneno ya namna hii misimu. Pili, maana hazitusumbui kiasi hicho. Maana mtaipata kwa kuiuliza simu yenyewe. Kinachotusumbua ni kwamba hata tukishapewa maana, bado hatuoni sababu ya mtu mwenye akili zake timamu kuandika hivyo. Basi leo tusiulize neno hili lina maana gani. Tuulize linafanya kazi gani.

Na tuanze na sisi wenyewe. Nani humu aliwahi kuandika "xaxa" kwenye simu? Mikono juu, bila aibu. Naona mikono. Naona na wengine mnaitazama dari. Nitasoma sentensi moja, mniambie kama mnahitaji mkalimani: "Xaxa mpnz, cjui kama huyo m2 atakuja, nimechoka kbs jmn." Nani hajaelewa? Hakuna! Waliokuwa wakiandika hivi wakati ule leo wana watoto, na wanakaa hapa mbele yangu wakisema vijana wanaiua lugha.

Mtanijibu: sisi tulikuwa na sababu, ujumbe ulikuwa na mipaka. Kweli. Mjerumani aitwaye Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985, alikaa akapiga taipu sentensi za kawaida, akahesabu herufi na nafasi zake, akaona herufi 160 zinamtosha mtu kusema anachotaka kusema. Ndipo kikomo kikawekwa. Ujumbe wa kwanza ukatumwa tarehe 3 Desemba 1992 na injinia Mwingereza, Neil Papworth, naye alitakia watu heri ya Krismasi, Krismasi yenyewe ikiwa bado wiki tatu. Kwa hiyo nafasi ilikuwa finyu, kila ujumbe ulilipiwa, na sisi tukakata. "Mtu" ikawa "m2", "sijui" ikawa "cjui", "kabisa" ikawa "kbs". Hapo nakubaliana nanyi.

Lakini "xaxa"? Hebu hesabuni nami. Sasa: herufi nne. Xaxa: herufi nne. Tuliokoa nini? Hatukuokoa hata herufi moja! Nafasi ileile, gharama ileile. Basi kwa nini tuliandika "xaxa"?

Tuliandika ili ijulikane sisi ni akina nani. Mwalimu hakuandika hivyo. Bosi hakuandika hivyo. Baba hakuandika hivyo. Aliyeandika hivyo alikuwa wetu.

Na waliotutangulia hawakuwa na simu, lakini walikuwa na kinyume. Mnakikumbuka? Silabi ya mwisho unaitanguliza mbele: nyumba inakuwa mbanyu, maji yanakuwa jima, twende inakuwa ndetwe. Mtoto aliyezoea anakisema mbio kama maji, na mtu mzima anabaki kukodoa macho. Kinyume hakikufupisha kitu. Kilijenga ua. Waliomo wanaelewana, waliopo nje wanasikia kelele.

Sasa mnaona ninakoelekea. Lile six-seven kwenye orodha yenu. Mtoto anatamka namba mbili, sita-saba kwa Kiingereza, viganja vimeangalia juu, kimoja kinapanda kingine kinashuka, darasa zima linaangua kicheko. Mwaka 2025 tovuti ya kamusi ya Dictionary.com ililitangaza kuwa neno lake la mwaka, na hapohapo wenye kamusi wakakiri kwamba hata wao bado wanajaribu kuelewa lina maana gani. Wazee wangu, watu ambao kazi yao ni maana, wameshindwa kuipata maana! Nasi tunalitafuta la nini? Ukimuuliza mtoto six-seven ni nini, anacheka zaidi, kwa sababu ule uso wako wa kuuliza ndio unaokamilisha mchezo. Neno limejengwa ili wewe usielewe. Usipoelewa, limefanya kazi yake.

Mtu asiniambie namba ni uhuni wa kizazi hiki. Wapiga telegrafu wa kampuni ya Western Union ya Marekani walikuwa na orodha ya namba tangu mwaka 1859. 73 ilikuwa salamu za kuagana. 30 ilikuwa "mwisho, sina zaidi", na waandishi wa habari wa huko waliichukua wakawa wanaiweka chini ya habari zao kwa miaka mingi. Wenye redio za mawasiliano za ridhaa mpaka leo wanaagana kwa 73, wengine wakiwa na mvi kunizidi. Hakuna aliyewaambia wanaharibu lugha.

Na kuna jambo moja ambalo nimeliweka makusudi kwa ajili yenu. OMG mnaijua. Mabinti wanaiandika kila wakishtuka. Mnajua nani ndiye wa kwanza kuiandika, kwa kadiri wenye kamusi ya Oxford walivyoweza kufuatilia? Lord Fisher, admirali wa jeshi la maji la Uingereza, kwenye barua aliyomwandikia Winston Churchill mwaka 1917, vita vikiendelea. Alikuwa akitania kuhusu nishani mpya, akaandika O.M.G., na kwenye mabano akaeleza kirefu chake, asije Churchill akakosa utani. Alikuwa na miaka mingapi? Sabini na sita! Wa mstari wa nyuma, mmesikia hapo? Neno lenu mmerithi kwa babu.

Hata OK, ambayo leo inaandikwa na majaji, ilianza kama mzaha wa kukosea tahajia. Mwaka 1839 gazeti moja la Boston lilichapa o.k., kifupi cha "all correct" iliyoandikwa vibaya kwa makusudi: "oll korrect". Mji huo wakati ule ulikuwa na homa ya vifupisho vya namna hiyo. Karibu vingine vyote vilikufa, hicho kikabaki. Nani angebashiri? Basi ukiniuliza rizz itadumu au la, nitakuambia tu kwamba imekatwa katikati ya neno la Kiingereza la haiba, charisma, na kwamba Oxford walilichagua kuwa neno la mwaka 2023. Zaidi ya hapo ni kupiga ramli.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu maneno ya aina hii ni mfupi: yaache. Usiyaseme. Mzee anayesema "no cap", yaani sidanganyi, kwenye kundi la familia, hata akilitumia sawasawa, amemwonyesha mjukuu kwamba ua umebomoka, na kesho mjukuu atajenga mwingine mbali zaidi. Una haki ya kutoelewa. Ni haki nzuri tu, itumieni.

Lakini wazee wangu, si kila kitu kwenye orodha yenu ni ua. Kuna vitu vingine huko ambavyo kazi yake ni tofauti kabisa, na kwa hivyo msiwe wavivu. Hivyo ni sauti.

Tukiongea hapa ana kwa ana, nikikuambia "wewe mjinga wewe" huku nacheka na kukushika bega, umesikia upendo. Niandike hayohayo kwenye simu. Bega liko wapi? Kicheko kiko wapi? Yamebaki matusi. Huu ndio ugonjwa wa maandishi ya haraka, na ulijitokeza mapema sana. Mwaka 1982, kwenye chuo kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, wataalamu wa kompyuta walikuwa na ubao wao wa matangazo wa kwenye mashine. Wakawa wanajadiliana kwa utani: lifti ikikatika kamba, tone la zebaki lililomo ndani litafanyaje? Mmoja akaandika tangazo la mzaha kwamba lifti fulani imechafuka kwa zebaki. Wasiofuata mjadala wakadhani ni onyo la kweli. Ndipo tarehe 19 Septemba, Scott Fahlman akapendekeza: anayetania aweke nukta mbili, kistari na mabano ya kufunga. Geuza kichwa pembeni, utaona uso unacheka.

Maprofesa, wazee wangu! Walishindwa kujua nani anatania, ikabidi wachore uso. Sasa sisi tunamshangaa binti wa miaka kumi na tano kwa kuweka vinyago vya nyuso, emoji, kwenye kila sentensi?

Na hapa ndipo tunapoumizana bila kujua. Mama mmoja ninayemfahamu, mtu wa adabu kubwa, alikuwa akimjibu mjukuu wake kwa neno moja: "Sawa." Sawa, na nukta. Alifundishwa shuleni sentensi huisha kwa nukta. Mjukuu akakaa siku nyingi akiamini bibi amemkasirikia, mpaka akamtuma mama yake aende kuulizia kosa. Kosa lilikuwa nukta!

Msicheke sana, hili limepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Binghamton, jimbo la New York, waliwapa wanafunzi 126 wasome majibizano ambayo jibu lake ni fupi tu, kama "ndiyo" au "sawa", mengine yakiwa na nukta na mengine bila. Kwenye ujumbe wa simu, yenye nukta yalionekana hayatoki moyoni. Jibu lilelile likiandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikuleta tofauti yoyote. Mnaona? Kwenye karatasi nukta ni ya sarufi. Kwenye simu, kumalizika kwa ujumbe tayari kunaonekana kwa macho, kwa hiyo nukta haina kazi ya sarufi tena, na kitu kikikosa kazi watu hukipa nyingine. Wamekipa kazi ya kununa.

Kwa hiyo unapomwandikia kijana neno moja, ondoa nukta. Ni hilo tu. Na ninyi wa nyuma, mkipata ujumbe wenye nukta kutoka kwa mtu wa miaka sabini, hajanuna. Amesoma shule.

Tuje kwenye kufa. "Nimekufa", na fuvu la kichwa pembeni. Huyo anacheka. Zamani aliyecheka sana aliweka ule uso unaobubujika machozi, na mwaka 2015 Oxford waliufanya uso huo neno lao la mwaka, ingawa si neno. Kisha sisi watu wazima tukaupenda, tukauweka kila mahali, nao vijana wakauhama. Wafaransa wana kifupi chao, mdr, kufa kwa kicheko, na sisi wenyewe hatukuanza leo kusema "niko hoi, mbavu sina". Watu wa Thailand wanaandika 555, kwa sababu tano kwao hutamkwa "haa". Wajapani waliandika w, herufi ya kwanza ya neno lao la kucheka. Wakicheka sana, wwwww. Mtu akaitazama akaona inafanana na nyasi zilizoota, basi siku hizi anayechekeshwa huandika "nyasi". Nyasi! Hebu fikirieni bibi wa Kijapani aliyetuma kisa cha kuchekesha akajibiwa nyasi. Hamko peke yenu.

Usipoisoma sauti vizuri, gharama zake wakati mwingine ni za aibu tu. David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, wakati mwingine alimalizia ujumbe wake kwa bosi wa magazeti, Rebekah Brooks, kwa LOL, akiamini ni kifupi cha "mapenzi tele". Ni mama huyo aliyemwambia kwamba maana yake ni kucheka kwa sauti, na yeye ndiye aliyeyasimulia mbele ya tume ya uchunguzi mwaka 2012, dunia ikisikiliza. Na mwenyewe hakuwa mzee. Hata hamsini alikuwa hajafika.

Wakati mwingine gharama ni za fedha. Kanada, mkoa wa Saskatchewan, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kumuuzia kitani, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa picha ya dole gumba. Bei ikapanda, kitani hakikufika. Mahakamani mkulima akasema dole lile lilimaanisha "nimeupata mkataba", halikuwa "nimekubali". Ni hoja, au siyo? Mimi binafsi natumia dole kwa maana hiyohiyo. Lakini jaji, mwaka 2023, alitazama namna wale wawili walivyozoea kukubaliana kwa majibu mafupi ya simu, akasema dole lile ni saini, akaamuru mkulima alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Alikata rufaa, akashindwa mwaka 2024.

Angalieni jaji alichofanya, kwa sababu ndicho ninachowaomba. Hakufungua kamusi tu akaishia hapo. Aliuliza: hawa wawili, kati yao, dole lilikuwa likimaanisha nini kabla ya ugomvi? Dole la mkulima kwa mnunuzi wake, dole la mjukuu kwa babu, dole la kijana kwa kijana mwenzake ambaye huenda akaliona ni jibu la baridi, la kumaliza mazungumzo: ni dole moja, sauti tatu.

Kuna la mwisho. Hapa naomba tunyamaze kidogo na mnisikilize vizuri, kwa sababu hili siwezi kulitania.

Mitandao mikubwa ya video ina mashine zinazopekua maneno. Ukitaja kifo, kujiua, au mambo ya chumbani, watumiaji wanaamini video yako itafichwa au itaondolewa, na mara nyingi hawakosei. Basi vijana wakaunda maneno ya kuipita mashine. Badala ya kuua na kujiua, wakaandika unalive, yaani kuondoa uhai, neno ambalo Kiingereza cha darasani hakina. Badala ya picha za ngono wanaweka picha ya hindi, kwa sababu jina la mahindi kwa Kiingereza linafanana kimatamshi na jina la kitu chenyewe. Maneno haya hayakuundwa kumkwepa mzee. Yaliundwa kuikwepa mashine. Lakini na mzee amebaki nje pamoja na mashine, na mzazi anayepitisha jicho kwenye simu ya mtoto anaona hindi, anasonga mbele.

Mnaona ugumu wake? "Nimekufa" na fuvu: anacheka. Neno hilo jingine, unalive: inawezekana anacheka, inawezekana hacheki. Na daftari lenu lenye maana za maneno lisingewasaidia, kwa sababu maana ya neno ni moja katika hali zote mbili. Kinachotofautisha ni mtu. Alikuwa akiandikaje mwezi uliopita? Amekata marafiki? Halali usiku? Amegawa vitu vyake alivyovipenda? Hayo wewe mzee unayajua kuliko mashine yoyote, unamjua tangu hajajua kutembea.

Ukiwa na wasiwasi, muulize. Muulize waziwazi, kwa Kiswahili chako ulichozaliwa nacho: "Mwanangu, unafikiria kujidhuru?" Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo. Shirika la Afya Duniani limelikanusha hilo mara nyingi: kuuliza hakupandi wazo, na kwa aliyebeba mzigo huo kunaweza kumpa nafasi ya kuutua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mtafute mtaalamu wa afya siku hiyohiyo. Hapo huna haja ya kujua neno hata moja la mtandaoni.

Na hata kwa mambo madogo, kuna namna ya kuuliza. Usiulize kwenye kundi mbele ya binamu zake kumi na wanne, mfuate pembeni. Usimwambie "neno hili maana yake nini", atakupa maana ya kamusi na kukimbia. Mwambie "hapa ulikuwa unamaanisha nini?" Atakaa. Ataanza kueleza nani alimwambia nani, na kwa nini ilichekesha, na kabla hajamaliza utakuwa umejua mambo ya shuleni kwake ambayo hukuyapata muhula mzima. Akikuambia tu "ah, babu, hutaelewa", mwache. Huo ni ua. Tumeshasema ua tuuheshimu.

Nimesema mengi, na wa nyuma wameanza kuandikiana, bila shaka kunihusu. Sasa toeni simu zenu. Mwenye ujumbe ambao haujamwelea, aufungue. Tusome kwanza ulioutangulia, na ulioutangulia huo, halafu tuwaite hawa wa nyuma watusaidie. Mama wa kitambaa cha bluu, naona simu yako iko tayari. Tuanze na wewe.